Mashua ya Shemeji Juu ya Rukwama

Miaka michache kabla ya vita vya Wadachi na Waingereza nilirudi kisiwani Amu kutoka Kairo, nilikosoma chuo kikuu, nikiwa na kanzu tatu, sanduku la vitabu, na uhakika wa mambo ambao haujanirudia tena. Wiki hiyo hiyo dada yangu akanijia na shida. Mashua ndogo ya mumewe ilikuwa Kipungani, mbao zimeachana kwa jua, haiwezi kuelea hata kidogo. Fundi wa kuitengeneza alikuwa mjini. Isingekuwa tayari kabla ya msimu, shemeji angelazimika kwenda Kiwayu kuvuta nyavu za watu, na dada alikuwa akiwajua wanawake ambao waume zao walikwenda Kiwayu kwa msimu mmoja wasirudi tena.

Shemeji alitaka kungoja jahazi la kuibeba. Mimi nikaazima rukwama ya punda kutoka shamba moja la minazi.

Asubuhi tuliyoipakia, mbingu upande wa bara zilikuwa na rangi ya risasi, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa makuti. Wanaume sita wa kijiji waliinyanyua mashua wakaiweka juu ya rukwama, kisha wakasogea kando kunitazama nikifunga. Wao hufungia kamba za makumbi. Mimi nilikuwa nimenunua kamba mpya ya katani mjini, kwa sababu ilionekana safi. Niliipitisha juu ya kingo za mashua na chini ya rukwama mara nne, nikachomeka kijiti katika kila mzunguko na kukisokota mpaka kamba ikawa ngumu kama fimbo. Huku nikisokota nikawaeleza habari za nguvu na uzito. Nahofia nilitaja hata pembetatu. Mzee mmoja aliitazama kamba, akayatazama mawingu, kisha akaona afadhali atazame miguu yake.

Nilipomaliza nikainua mikono nikasoma dua ya safari, ndefu, kwa matamshi ya Kairo. Wakaitikia amina kwa sauti ndogo.

Tulikwenda wawili tu, mimi nikiongoza punda, shemeji nyuma akishikilia tezi ya mashua. Ndege walikuwa wamenyamaza. Punda alisimama mara mbili bila sababu niliyoiona, akitega masikio, nami mara zote mbili nikamhutubia. Kisha giza likatujia kutoka bara, na mvua ikashuka yote kwa pamoja.

Mwanzoni ulikuwa mlio mdogo, kama mtu anayesaga meno usingizini. Nikasema ni gurudumu. Shemeji aliweka kiganja juu ya kamba na kukiacha hapo. Nilipoigusa nami, ilikuwa imevimba, imejikaza kuliko nilivyoikaza mwenyewe, na ilikuwa ikiendelea. Kingo za mashua zilikuwa zimeanza kukaribiana. Nilijaribu kukizungusha kijiti nyuma, kikakataa. Nikatafuta kisu ndani ya koti, vidole vikiteleza, na kabla sijakifungua taruma la kwanza, ule mti wa ubavuni, likavunjika. La pili halikukawia. Nilikata kamba zote nne, na mashua ikafunguka taratibu mbele yetu, mbao zikitoka misumarini moja baada ya nyingine, tukiwa tumesimama tu.

Tulikaa chini ya rukwama mpaka mvua ilipopungua. Nikamuuliza kama alijua katani hujikaza ikilowa.

"Kila mtu alijua," akasema.

"Na hukuniambia?"

"Kwanza ulikuwa ukisomesha. Nikasema nitalegeza tukishika ndia. Kisha ukasoma dua, watu wakaitikia amina." Akakamua kofia yake. "Baada ya hapo, shemeji, nani atie mkono wake?"

Hakusema kwa uchungu. Afadhali angesema kwa uchungu.

Mjini, fundi alipitisha mkono ndani ya mabaki ya mashua kutoka tezi hadi omo, akaomba samahani kana kwamba kosa ni lake, akasema kuni hizi zitafaa kuchomea chokaa. Siku ya nne shemeji aliondoka kwenda Kiwayu. Nilimbebea mkeka hadi ufukoni, naye akanishukuru kwa adabu zote.

Msimu ukaisha, wengine wakarudi. Baada ya hapo kukafika barua, ya kwanza kutoka kwa shemeji. Mtaa mzima ulijua nani pale ndiye msomi. Dada aliikunja ndani ya buibui lake, akapita mlangoni pangu, akaenda kusomewa na muuza mafuta.