Hatua za Kurudisha Vyombo

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya kliniki ya viungo huku Kisauni, mwanangu kapakatwa na wifi, maana mie nina baridi yabisi na tangu vidole vivimbe naogopa kumbeba nisije nikamwangusha. Safari iliyopita daktari kaniambia nitembee, mie nikaona ataka kuyamaliza magoti yangu!

Mbele yangu mama mmoja, vidole vimepinda, akafungua fundo la leso akatoa simu. Nesi akatazama humo hesabu ya hatua anazotembea.

"Mama, mwezi jana mia tano kwa siku, sasa elfu tatu! Simu ulimpa nani atembee nayo?"

"Wallahi ni miguu yangu, mwanangu. Nilipolala mgonjwa, majirani waliniletea vyakula. Sasa nawarudishia vyombo, kimoja kimoja. Sirudishi kitupu, nao hawaniachi nitoke bila kukijaza tena. Kwisha hakuna!"

"Na maumivu?"

"Yapo. Lakini asubuhi viungo havigandi kama zamani."

Akaondoka polepole, kidevu juu, foleni nzima yamtazama. Daktari angenieleza kwa sahani, ningemwelewa siku ile ile.

Nikaitwa. Wifi akainuka na mtoto.

"Mlete, wifi."

"Utaweza?"

"Mpaka mlangoni ni hatua ishirini tu."

Nilimfikisha, na sikumpa mtu anipokee.