Mstari Mweupe wa Ndugu Mfaume

Babu yake Mfaume alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, akavuka nyika ya Ugogo kwa kiu na njaa, na kwa masimulizi ya ukoo hakuwahi kupoteza hata kipande cha mzigo. Mjukuu alipewa kazi ya kufikisha maneno kutoka ofisi ya elimu ya watu wazima, Tabora mjini, hadi Isevya, mwendo ambao mtu anaumaliza chai yake ikiwa bado moto. Akayapoteza njiani. Mfaume mwenyewe hupenda kuuanza mkasa wake hivyo, na huwa wa kwanza kucheka.

Ilikuwa mwaka 1974, kisomo kimepamba moto. Kila kata ilikuwa na madarasa ya watu wazima, na kila darasa lilitaka karatasi za masomo. Karatasi hizo zilitoka katika chumba kimoja chenye dirisha dogo, ambamo Mfaume alitawala mashine ya kudurufu. Koleta, mpiga taipu, aligonga somo juu ya stensili, ile karatasi laini iliyopakwa nta, herufi zikaitoboa. Mfaume akaivisha stensili kwenye silinda iliyofunikwa kitambaa, wino ukapenya kutoka ndani, naye akazungusha mpini. Alivaa koti jeupe kazini, kama mganga wa hospitali. Hakuna aliyemwagiza kulivaa.

Matatizo yalianza pale stensili zilipofika zimekunjwa katikati, kwa urefu. Kwenye kunjo nta ilipasuka, wino ukavuja, na kila ukurasa ukatoka na mstari mweusi kutoka juu hadi chini. Dawa ya kuzibia makosa ilikwisha zamani na haikupatikana dukani. Mfaume akafikiri. Mji wa Tabora una asali, na penye asali pana nta. Akanunua nta ya nyuki sokoni, akaiyeyusha kwenye jiko la mkaa, akaipitisha kwa manyoya ya kuku juu ya kunjo lote. Mstari mweusi ukatoweka.

Mkubwa wa ofisi alifurahi kupita kiasi. Kwenye mkutano wa wafanyakazi alimsimamisha Mfaume, akasema huku ndiko kujitegemea kwenyewe, tatizo la kigeni kuponywa na mdudu wa Kinyamwezi. Watu wakapiga makofi. Mfaume akarudi nyumbani akitembea katikati ya barabara.

Baadaye joto la Oktoba likaingia, na ukurasa ukaanza kutoka na mstari mweupe pale pale ulipokuwa ule mweusi. Ulikuwa mpana kama vidole viwili, na maneno yote yaliyopita hapo hayakuonekana. Koleta alimwonyesha. Mfaume akasema ni karatasi, imenyonya unyevu. Stensili mpya zisizo na kunjo zikafika, mstari ukabaki. Akasema ni wino, mzito mno, akaulegeza, kurasa zikafifia zote na mstari haukuondoka. Akaeneza upya wino, akakaza mpini. Akamwambia Koleta anagonga taipu kwa woga, agonge kama mtu mwenye haki zake. Koleta akagonga kwa haki zake zote mpaka herufi o zikang'oka na kuacha vitobo. Kitu kimoja tu Mfaume hakukigusa, nacho ni kitambaa cha silinda, kwa sababu huko ndiko dawa yake iliyopigiwa makofi ilikokuwa imepita.

Mwishowe aliamua kwamba mstari ni mdogo na hautamtatiza msomaji makini.

Mkewe, Swaumu, alikuwa amejiandikisha katika darasa la Isevya, kwenye jengo la tawi la chama. Alikuwa amesuka ukili na kuuza mikeka maisha yake yote bila kuweza kusoma jina lake, na sasa alikwenda darasani kila alasiri, ushungi mpya kichwani. Somo la kwanza lilimwendea vizuri kwa kuwa mwalimu aliliandika ubaoni. Kisha zikaja karatasi. Akirudi nazo nyumbani, alianza mstari, akafika katikati, akakwama, akaruka, akamalizia mwisho.

Mfaume alimcheka. Alimuuliza kama katikati ya mstari kuna mto wa mamba.

"Baba Mwamvita, hapa hapana kitu," Swaumu alisema, kidole chake kwenye karatasi.

Mfaume aliichukua, akaisoma yote kwa mkupuo mmoja, bila kusita, toka juu hadi chini. Chemsha maji ya kunywa. Funika chombo cha maji. Osha mikono kabla ya kula. Akamrudishia na kumwuliza mbona yeye anaona.

Hapo ndipo hucheka zaidi anaposimulia, na kicheko chake hakimpendezi hata yeye. Alikuwa amezungusha mpini juu ya somo lile mara nyingi kiasi kwamba alilijua kama Fatiha. Angeweza kulisoma juu ya ukuta mtupu. Swaumu hakujua hilo. Alichojua ni kwamba pale mahali palipokuwa patupu machoni pake mume wake ameona maneno. Akaikunja karatasi polepole, na siku iliyofuata hakwenda. Alisema macho yake ni ya watu waliozaliwa kusuka, kusoma kuna wenyewe. Alikwisha kumpa jirani daftari lake, na alipoulizwa tena akasema asiulizwe.

Mfaume akakasirika, na kama kawaida yake akamkasirikia mtu mwingine. Alivaa koti jeupe, akaenda Isevya kumwuliza mwalimu anafundisha nini hata mtu mzima mwenye akili zake anakimbia darasa. Mwalimu alikuwa Limbu, kijana wa Nzega, mpole, mwenye kuanza kila jibu kwa kuamkia.

"Shikamoo mzee. Tazama kwanza kazi zao, halafu utanigombeza."

Akamwekea madaftari mezani. Wanafunzi walikuwa wameagizwa kunakili karatasi nyumbani. Wote walikuwa wamenakili kwa uaminifu. Kila daftari lilikuwa na njia nyeupe katikati ya ukurasa, imenyooka, upana wa vidole viwili, maneno yamekatwa huku na huku. Bibi mmoja wa pale Isevya, mwangalifu kuliko wote, alikuwa amechora kwa mkaa hata doa la kidole gumba cha Mfaume kwenye pembe.

Mfaume alimwuliza bibi huyo, aliyekuwa amekaa mbele darasani, kwa nini ameacha nafasi.

"Si ndivyo serikali inavyoandika, baba? Sisi nani tuijaze?"

Darasa zima lilimtazama kwa heshima. Hakuna aliyecheka, na yeye anasema wangecheka ingekuwa nafuu. Aliomba karatasi, akaigeuza juu chini ili asiweze kuisoma kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza akaiona.

Akarudi ofisini moja kwa moja, akafungua silinda, akabandua kitambaa. Nta ilikuwa imeyeyuka kwa joto, ikazama kwenye nyuzi na kuganda humo, ukanda mzima, imeuzibia wino njia.

"Ndugu Mfaume," Koleta alisema, "nyuki wako wamehamia huku."

Alikifua kitambaa kwa maji ya moto, akakisugua kwa mafuta ya taa, akakianika. Walipochapa tena, ukurasa ulionekana kamili. Lakini aliukodolea macho, asiyaamini. Kila neno alilijua tayari. Akamwomba Koleta agonge somo jipya asilomwambia ni la nini, akalichapa akiangalia pembeni, akalipeleka nyumbani.

Swaumu alikataa kulishika. Mfaume akakaa chini kwenye mkeka, akamweleza yote, nta, makofi, mto wa mamba.

"Kwa hiyo siku zile kweli hapakuwa na kitu," alisema Swaumu.

"Hapakuwa na kitu, Mama Mwamvita. Uliyeona ni wewe. Mimi nilikuwa nasoma kichwa changu."

Swaumu akaichukua karatasi, akaweka kidole kwenye neno la kwanza. Lilikuwa somo la kupanda mihogo. Alisoma kwa kuburuta, silabi baada ya silabi, akafika katikati ya mstari, kidole kikapunguza mwendo kwa mazoea, kisha kikapita. Alimaliza mstari, akaanza wa pili.

"Hapa chini umepaka wino," Swaumu alisema alipomaliza. "Herufi hii sijui ni a au ni o. Nenda kachape tena, kesho nataka kwenda nayo nzuri."

Mfaume akavaa koti lake, akaenda.