Mvua ya Kwanza Njia ya Kasungami

Nilipokuwa na miaka tisa, Baba alitutoa kwenye baridi ya Ubelgiji akatuleta Lubumbashi. Yeye alisema tunarudi nyumbani. Kwake ilikuwa kurudi kweli. Kwangu na kaka yangu Ilunga ilikuwa kuhama tu, maana tulizaliwa huko alikokuwa akisomea uinjinia, na hiyo nyumbani tuliijua kwa picha moja ya Kambo, bibi yetu mzaa baba, iliyokuwa imewekwa juu ya redio.

Kampuni ya shaba ilimpa Baba nyumba mtaa wa Golf, na Kambo akaja kukaa nasi. Siku za kazi Baba alivaa abakosti yake, suti ya kuvaliwa bila tai. Jumamosi alikwenda salongo, kufyeka majani ya barabarani bila malipo kama raia wote. Lakini Jumapili ilikuwa yetu. Ulaya alikuwa ameshika mazoea ya kuchukua chakula na familia na kwenda kula nje, chini ya miti, na aliporudi hakutaka kuyaacha. Alisema jua lote hili Mungu hakulitoa ili watu wajifungie ndani.

Basi tukitoka misa tulipakia gari: mikate, sardini, sufuria ya kuku iliyofungwa kwa taulo, na blanketi jekundu tulilokuja nalo kutoka Ubelgiji. Tulifuata njia ya Kasungami, tukapita mashamba ya mihogo, tukaingia msituni mpaka mahali penye kilima kidogo na mti mmoja mkubwa. Wachoma makaa waliokuwa wakipita na baiskeli walisimama kututazama. Papa Mukubwa, kaka yake Baba, hakuacha kumcheka. "Muntu iko na meza muzuri ku nyumba," alisema, "anaenda kukula mu pori kama mbuzi!" Baba alicheka pamoja naye. Miezi ile ya kwanza alikuwa mtu wa kucheka sana.

Kambo alikuja nasi mara moja tu. Alikataa kukaa kwenye blanketi. Alitushika mikono, Ilunga upande huu na mimi upande ule, akatuzungusha msituni akituonyesha matunda ya masuku yaliyoiva na uyoga unaoua na usioua. Kiswahili changu chote nilikitoa mdomoni mwake. Nyumbani tulikuwa tukisema Kifaransa, na yeye hakukijua, kwa hiyo ikabidi sisi ndio tujifunze. Ilunga, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na mdomo mrefu, alimwiga vizuri hata Kambo mwenyewe akawa anajishika mbavu.

Jumapili ninayotaka kuieleza ilikuwa mwishoni mwa kiangazi. Joto lilikuwa limekaa juu ya mji siku nyingi, ardhi imepasuka, watu wana hasira bila sababu. Asubuhi Kambo alitukuta tukipakia. Alisimama mbele ya gari na kitambaa chake kichwani.

"Baba," alimwambia mwanawe. Alimwita hivyo tangu kuzaliwa, kwa kuwa mwanawe huyo alipewa jina la babu yake, baba yake Kambo. "Baba, leo musiende. Mvua ya kwanza iko karibu. Nkuba iko na njaa."

Nkuba ndilo jina aliloipa radi. Aliitaja kama mtu anavyomtaja jirani mkorofi.

"Mama, ni mvua tu," Baba alisema.

"Na hii blanketi yenu, mubakishe hapa. Nkuba inapenda hii rangi."

Baba alitabasamu. Hakumdharau, nataka nimtendee haki. Alimshika bega kwa upole, kisha akatugeukia sisi na kutueleza kwa Kifaransa, huku akisugua mkono mmoja juu ya mwingine, jinsi umeme unavyojikusanya mawinguni na kutafuta njia ya kushuka ardhini.

"Anasema nini?" Kambo aliniuliza.

"Anasema ni umeme, Kambo. Kama ule wa taa."

"Ya taa tunajua fasi ya kuizimia," alisema, akaondoka mbele ya gari.

Mvua ilitukuta tukiwa tumeanza kula. Kwanza upepo, wenye harufu ya vumbi lililolowa mahali pengine. Mawingu yaliyokuwa mbali upande wa Kipushi yakawa juu yetu mara moja. Mama yetu alisema twende. Baba akasema tungoje kidogo, labda itapita pembeni. Haikupita pembeni. Ilianguka kama changarawe inayomwagwa kutoka kwenye lori, na sote tukakimbilia gari lililokuwa chini ya kilima. Mama alinivuta mkono. Tulipokuwa tumeshaingia, tumelowa, na Ilunga ameshika mlango ili naye aingie, Baba akatazama nyuma.

"Blanketi! Ilunga, kimbia ulete blanketi!"

Ilunga alikwenda. Alikuwa akicheka. Nilimwona kupitia kioo kilichojaa maji akilikusanya chini ya ule mti mkubwa na kujifunika nalo kichwa, akigeuka kuja. Halafu kila kitu kikawa cheupe. Sauti sikuisikia kwa masikio, niliisikia kifuani. Nilipoona tena, mti ulikuwa umechanika kutoka juu hadi chini, na Baba alikuwa amepiga magoti kwenye matope.

Kilio cha Ilunga kilifanyika nyumbani kwetu. Wanawake walikaa chini sebuleni, wanaume nje chini ya turubai. Wenzake Baba wa kazini walikuja, wakamwambia pole kwa Kifaransa na wakaondoka. Ndugu wa ukoo walibaki. Siku ya tatu Papa Mukubwa alisimama mbele ya wazee.

"Nkuba haikuje yenyewe," alisema. "Iko muntu aliituma. Tunataka kujua ni nani."

Hakuna aliyeshangaa. Katika nchi yetu, mtu akipigwa na radi, ndilo swali la kwanza. Waliulizana juu ya majirani na juu ya watu wa kazini wenye wivu. Kisha shangazi mmoja akasema kwamba asubuhi ile Kambo alikuwa ametukataza kwenda, na alitaja mvua, na alitaja blanketi.

Walimwita. Alitoka kati ya wanawake akiwa na majivu usoni, kwa sababu alikuwa akimlilia mjukuu wake.

"Mama, weye ulijua namna gani?" Papa Mukubwa alimuuliza. Kambo alikuwa mama yake pia, aliyemzaa.

"Niko muzee. Nilionaka mvua mingi."

"Na blanketi?"

"Kila muntu anajua hii ya rangi. Hata weye unajua."

Papa Mukubwa akamgeukia Baba. "Ni kweli alisema musiende?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika kanga ya Mama. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti akitazama viatu vyake. Huyu ndiye mtu aliyetueleza mawingu kwa mikono yake miwili.

"Alisema," Baba akajibu.

Kambo alimtazama. Alingoja. Wote walingoja, nadhani, kwa sababu ilionekana kama sentensi ambayo bado ina mkia. Baba hakuongeza neno.

Walitafuta nani aliituma radi, wakampata Kambo. Hakuna aliyeuliza nani alimtuma mtoto. Nilimvuta Mama ndani nikamwambia, kwa Kiswahili, sijui kwa nini kwa Kiswahili: "Baba ndiye alimwambia Ilunga arudi. Nenda uwaambie." Mama alinifunika mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza, Mwadi. Ukisema hii, nitabakia na nani?"

Kambo aliondoka kabla kilio hakijaisha. Walimpakia nyuma ya lori la mahindi lililokuwa likirudi upande wa kijiji chake, na nguo zake zimefungwa kwenye shuka. Hakupiga kelele wala hakujitetea tena. Aliniaga kwa kunishika kidevu, akamwambia dereva amsaidie kupanda, kwa sababu wanawe wawili walikuwa wamesimama pale na hakuna aliyenyoosha mkono. Huko kijijini habari ilikuwa imemtangulia. Alipewa kibanda mwishoni, mbali na kisima. Baba alimtumia chumvi, sabuni na vitenge, lakini hakwenda mwenyewe mpaka siku ya kumzika.

Hatukula tena nje. Jumapili Baba alifunga madirisha, na mvua ilipoanza aliingia chumbani na kufunga mlango.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mama mwenyewe na yeye ameachishwa kazi, ameisha kwa kifua, nilimuuliza kwa nini siku ile hakusema yote.

"Wangetafuta mpaka wapate mtu," alisema. "Na Mama alikuwa mzee tayari."

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, au kwa hasira, au kwa mtu anayesema alichanganyikiwa. Kwa hesabu ile sikuwa nimejiandaa. Nilimpa dawa yake, nikampangusa mdomo, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Watu hudhani baba yangu msomi alishindwa na imani za kizee, kwamba msiba ulimrudisha alikotoka. Mimi sidhani kama aliamini hata siku moja. Papa Mukubwa aliamini, na kwa sababu hiyo naweza kumsamehe. Baba alijua vizuri jinsi radi inavyoshuka. Siku ile alikuwa na maneno mawili ya kweli ya kusema, akasema moja, lile ambalo halikumgusa yeye. Nilimuuguza mpaka mwisho kama inavyompasa binti, na nilimlilia. Lakini nilipokwenda kutafuta kaburi la Kambo, nilikuta hakuna aliyeweka alama, na wazee wa pale walinyoosha mikono pande tofauti.