Mume Wangu Hataki Nikonde, na Mama Ananitegemea Nimkoshe

Assalaam alaykum, wenye ukurasa. Jina langu lificheni, na mtaa wangu pia. Mimi ni mama wa miaka arubaini na tano, nimesoma chuo cha Kurani na madarasa machache ya skuli. Tangu ujana nakosha maiti za wanawake, nawaosha kabla ya kuvikwa sanda. Kazi hiyo kanifunza mama yangu, aliyeko shamba, Makangale.

Tulipokuwa shamba nilikuwa mwepesi. Nikiteka maji kisimani, nikitwanga, nikenda kwa miguu kila kwenye msiba. Karafuu zilipompa bwana wangu neema tukahamia mjini Chake. Huku mfereji, bomba la maji, uko uani, unga unasagwa mashineni, nguo zinakwenda kwa dobi. Nikisikia njaa nafungua dirisha tu, namwita muuza sambusa. Asubuhi ni boflo na siagi, na chai ya maziwa ya kopo tamu mpaka mdomo unanata. Hata mtaa wa pili naitiwa gari.

Nimenona, ndugu zangu, mpaka najichukia. Kwenye mikunjo ya tumbo jasho linachacha kama tui lililolala. Nikijifuta, harufu yake inanitia kichefuchefu, na mie ni mtu wa udhu. Kinachonikera zaidi ni sifa. Wifi zangu wakija husema nimenawiri, mashaallah, na bwana huubinya mkono wangu mbele yao kama anayepima ng'ombe wa Idi.

Mwezi uliopita alifariki jirani. Nilichutama kumkosha, magoti yakagoma, nikamwangukia maiti. Jasho langu likamdondokea usoni, naye nimekwisha kumtia udhu. Wenzangu wawili wakanivuta kwa makwapa. Tulipotoka nje mmoja akaniambia taratibu, "Bi mkubwa, ungebaki mle mle tukukoshe na wewe." Wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikenda nyuma ya nyumba nikatapika.

Niliporudi nilimwambia bwana kwamba nataka kuteka maji mwenyewe, nitwange, na maziwa ya kopo yasiingie tena ndani. Kwanza alidhani mzaha. Alipoona nimeshikilia, akanuna.

"Ukikonda watu watasema karafuu zangu zimeoza," akasema. "Mke wangu hashiki ndoo."

Sikuishika ndoo, maana naogopa kukosa radhi ya mume.

Sasa mama yangu hawezi, yumo kitandani. Juzi nilikwenda kumtazama, nikakaa mkekani karibu yake. Akanishika kidole gumba, akaniuliza, "Siku yangu, mwanangu, utanikosha wewe, si mtu mwengine?"

Nikamwitikia ndiyo, inshaallah. Kisha nikataka kuinuka. Nikashika ukuta, nikashika tendegu la kitanda, nikahema, sikuinuka. Mama alinitazama nikihangaika mle mkekani, halafu akageuza uso wake ukutani.

Enyi mnaojua dini na mliokaa na waume, nisaidieni kwa rai zenu. Nimuasi bwana wangu nishike ndoo, au nimtii, siku ikifika nikae kitini niwatazame watu wengine wakimkosha mama yangu? Nijibuni mapema, maana mama hali yake si ya kungoja.