Absalom Barasa Akataa Kukatwa Tena

Absalom Barasa alikuwa mpishi wa wazungu, na kama wapishi wengi wa wazungu hakuwa na heshima yoyote kwa tumbo la mzungu. "Ukishamwona mtu mzima akikasirikia yai," alikuwa akimwambia mkewe Nakhumicha, "huwezi kumwogopa tena."

Upishi aliujulia vitani, kule Burma, akiwachemshia askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, maharagwe yenye mchanga. Vita vilipoisha akapita kwao Bukusu, akaoa, akaja Ruiru kuandikwa kwenye shamba la kahawa. Huko akampikia memsabu, bibi wa shamba, supu moja ya nyama ambayo wageni walikuja kutoka Nairobi kuinywa. Siri ya supu hiyo hakumwambia mtu.

Ugonjwa wake ulianza na ugali. Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, kahawa ikichumwa, tonge likamkwama kifuani.

"Mama Nasimiyu, huu ni ugali au simiti?"

"Ni uleule uliokula jana ukaomba tena."

Kesho yake akalaumu unga wa posho. Halafu akalaumu mahindi, mwenye mahindi, na serikali. Lakini wali nao ulipokwama, na ndizi mbivu nayo ikakwama, akaacha kulaumu. Hapo ndipo Nakhumicha alipoogopa, kwa maana mumewe hakuwahi kunyamaza mbele ya chakula tangu amjue.

Wakampeleka hospitali ya wamisheni upande wa Thika. Daktari alikuwa Mwingereza kijana, shingo nyekundu kama ya kuku aliyenyonyolewa, mtu mwema, ila bidii yake ilikuwa ya siafu. Alimtia bomba kooni, akachungulia, akasema ni kansa. Akampasua kifua ili aitoe, akakuta imeshika kila mahali, akamshona. Akamtoboa tumbo akatia mpira, ili uji umiminwe humo kwa faneli.

"Mimi mpishi mzima," Absalom akasema kwa ile sauti ya mkwaruzo iliyokuwa imembakia, "natiwa uji kama lori linavyotiwa petroli."

Kila mtu alitaka atibiwe zaidi. Ndugu yake Dalmas, mfanyakazi wa reli, alikuja amevaa suti akasema, "Shemeji, wasipomkata tena, nyumbani watasema tulimtupa." Memsabu alikuja na maua, akashika chuma cha kitanda akasema, "Absalom, tutapigana mpaka mwisho!"

Alipoondoka, Absalom akamgeukia mkewe. "Sasa tukipigana, ni nani anayepigwa?"

Nakhumicha hakucheka. Yeye mwenyewe alitaka sana kusema ndiyo. Ukimpenda mtu, kila kisu unachoambiwa kitamwokoa unaweza kukikubali, maadamu hakiingii kwako. Lakini ndiye aliyekuwa akiosha lile tundu la tumbo, na alikuwa ameona jinsi mume wake alivyokunja vidole vya miguu kila kitambaa kilipomgusa.

Siku moja asubuhi daktari akaja na mpango mpya. Alizungumza Kiingereza kirefu kama treni ya mizigo, mabehewa yakifuatana, mikono ikipaa. Dresa wa wodi, mfunga vidonda Kagwe, ndiye aliyekuwa mkalimani. Akasikiliza mpaka mwisho, akajikuna sikio.

"Anasema atakata tena."

"Hayo yote ni hilo tu?"

"Na sindano. Dawa mpya ya Ulaya. Inatokana na ile gesi ya sumu ya vita."

Absalom akajiinua kwa kiwiko. "Gesi? Nimekaa Burma mpaka vita vikaisha, Mjapani hakunipiga gesi. Leo nije nipigwe na mmisheni?"

Nakhumicha akasimama, kwa kuwa aliona kukaa chini kungemfanya alie. "Muulize, akimkata tena, mume wangu atameza chakula?"

Kagwe akauliza. Daktari akatikisa kichwa.

"Atapona?"

Treni ikaanza tena, behewa baada ya behewa. Kagwe akatafsiri, "Anasema ni lazima kujaribu."

"Sikuuliza kama atajaribu. Nimeuliza kama atapona."

Haikumlazimu Kagwe kutafsiri. Daktari alikuwa ameelewa. Akavua miwani, akajibu mwenyewe kwa Kiswahili chake cha shamba. "Hapana pona, mama. Lakini mimi hapana weza kaa bure."

Nakhumicha akamwona yule kijana kwa mara ya kwanza, na alipomwona akamhurumia, akajichukia kwa kumhurumia. Ni Absalom aliyeamua.

"Mpeni viazi amenye," akakwaruza. "Mikono yake itapata kazi. Mimi nirudisheni nyumbani."

Muuguzi Idah akageukia dirisha kuficha kicheko. Daktari alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Hata hivyo, kabla ya jua kupanda sana, alimwagiza Idah awape chupa ya dawa ya maumivu na kumwonyesha Nakhumicha namna ya kuimimina kwenye mpira. Ruhusa ya pili hakuna aliyeingojea.

Odhiambo, dereva wa shamba, alikuwa amepeleka kahawa kinuni Thika, akawapitia hospitalini na lori tupu. Wakamlaza Absalom nyuma juu ya magunia. Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, ya vita vya Mau Mau, na njiani askari wakasimamisha lori. Mmoja akapanda, akauona mpira umejitokeza chini ya shati, akaruka nyuma akishika bunduki.

"Hiyo ni nini?"

"Mdomo wangu mpya," Absalom akasema. "Ukitaka kuusalimia, inama."

Askari alishuka bila kuuliza kipande, kile kitambulisho cha serikali, cha mtu yeyote.

Nyumbani, kwenye laini, vile vibanda vya wafanyakazi, Absalom alianza mchezo uliowafadhaisha watu wa kanisa. Alimwamrisha Nakhumicha amchinjie kuku, akampikisha kwa maneno kutoka kitandani: moto punguza, chumvi bado, usiufunike, mchuzi unataka kupumua. Kisha akatafuna. Alitafuna polepole, macho amefumba, akafyonza utamu wote, halafu akatema makapi kwenye bakuli. Wazee waliokuja kumwombea walikuta ibada hiyo ikiendelea, wakasahau zaburi. Mbwa wa jirani alinenepa hata akashindwa kubweka.

Memsabu naye alikuja, na bakuli la jeli. "Absalom," akasema, akipangusa pua, "ile supu. Lazima uniambie sasa."

"Memsabu, unakumbuka mifupa unayowanunulia mbwa wako?"

"Ndiyo."

"Mbwa hawakuwahi kuiona."

Memsabu aliweka bakuli chini. Kisha akacheka mpaka akaegemea ukuta, na katikati ya kicheko kikaingia kilio, Nakhumicha akalazimika kumletea kigoda.

Siku zote hazikuwa hivyo. Zilikuwepo siku ambazo chupa ya Idah haikufua dafu, Absalom akauma blanketi na kuwatukana wazazi wake, mpaka binti yao Nasimiyu akapelekwa kwa jirani. Katika siku hizo Nakhumicha alijiuliza kama hakukosea. Akamuuliza na yeye. "Nikurudishe Thika?"

"Ukinirudisha, nitakufa na kurudi kukusumbua."

Alifariki mchana, mvua ikinyesha. Alikuwa ameomba mkewe akaange kitunguu, si cha kula, cha kunusa tu. Nakhumicha alipogeuka kumuuliza kama kimeiva, alikuwa amekwenda. Kitunguu kikaungua chote.

Walimzika hapo Ruiru, kwa kuwa wakati ule haikuwa rahisi kupata ruhusa ya kusafirisha maiti hadi kwao. Dalmas alinung'unika kaburini kwamba matibabu hayakumalizika.

"Shemeji," Nakhumicha akamwambia, "matibabu yangemmaliza yeye kwanza."

Baada ya matanga daktari alikuja kwa baiskeli, viatu vimejaa matope mekundu. Nakhumicha alidhani amekuja kugomba. Kumbe alitaka kujua habari ya ile dawa, na safari hii hakuleta mkalimani.

"Ilitosha, mama?"

"Mwanzo ilitosha. Mwisho, hapana. Alilia sana."

Daktari akaitikia kwa kichwa. "Mgonjwa ingine, mimi tapa dawa mingi zaidi. Na mapema."

"Fanya hivyo," Nakhumicha akasema. Akamwekea sahani ya kuku, kwa sababu mgeni ni mgeni. Daktari alihangaika na paja kwa vidole, mchuzi ukamtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono. Alipomaliza akaomba tena.