Mume wa Paa

Watu wa rika langu huku kwetu walifundishwa kompyuta na watoto wao. Mimi niliifundisha kompyuta. Nikisema hivyo hotelini vijana hucheka mpaka chai inawatoka puani, kwa sababu wanajua niliishia darasa la tano. Wacheke. Ilikuwa miaka ya tisini, wengine wao hata hawajazaliwa, na mashine yenyewe ilikuwa inakula umeme wa jenereta yangu, ndani ya chumba changu, nyuma ya duka langu la pili.

Duka la kwanza lilikuwa Migori. Pale nilianza na mikono mitupu. Niliokota misumari iliyopinda kwenye majengo ya watu, nikainyoosha juu ya jiwe, nikawauzia wachimba dhahabu. Nikajifunza Kikuria, kwa sababu mtu hukupunguzia ubishi ukimsemesha kwa lugha ya mama yake. Kutoka misumari mikuukuu nikaenda mipya, nikaenda mbao, nikaenda mabati. Homa Bay niliingia na lori langu mwenyewe.

Nilifika wakati mbaya, au wakati mzuri, kutegemea unauza nini. Misumari ya kujengea na misumari ya majeneza ilitoka debe moja, na debe lilikuwa likiisha haraka kwa sababu ya majeneza. Wanaume walikuwa wanakonda, wanafunikwa, wanazikwa. Ugonjwa hakuna aliyeutaja jina. Wajane walibaki wengi, na ndipo mradi mmoja ukaja kuwaezekea nyumba zao kwa mabati. Mabati walinunua kwangu, na chumba cha ofisi wakakodi kwangu, kwani mtaa mzima ni mimi niliyekuwa na jenereta ya kutegemewa.

Aliyekaa na mashine ile alikuwa mwanamke kijana wa Mombasa, kichwani mtandio, miwani mizito. Tulimwita Mwalimu. Yeye aliniita bosi.

"Bosi, Kiswahili chako kimepigwa nyundo," aliniambia siku ya kwanza.

"Kimepigwa, lakini kimenyooka," nikamjibu.

Kazi yake alinieleza hivi. Kompyuta inaweza kubeba maneno yote ya wilaya nzima na isijue hata moja lina maana gani. Ukiiandikia "ng'ombe," kwake ni herufi tu. Kwa hivyo unaipa maana kwa mkono: ng'ombe ni aina ya mnyama, mnyama ni aina ya kiumbe, kila kiumbe kina mama. Kila neno unaliwekea mzazi juu yake, na kamba za kulifunga kwa maneno mengine. Ukimaliza, mashine inaanza kujua mambo ambayo hukuiambia. Ukiipa jina la ng'ombe mmoja tu, yenyewe itakwambia huyo ana mama. Mpangilio huo wa maana ulikuwa na jina la kizungu, ontolojia. Nililishika siku hiyo hiyo.

Kwangu halikuwa jambo geni. Duka ni hivyo hivyo. Msumari wa bati ni aina ya msumari, msumari ni aina ya chuma, na kila msumari wa bati unadai bati. Asiyejua hivyo hafungui duka. Nilimwambia Mwalimu hivyo, akavua miwani, akaniangalia, akasema nimeeleza vizuri kuliko watu waliomfundisha yeye.

Mwanzoni mashine ilikuwa ya kuchekesha. Kwa kuwa Mwalimu alikuwa ameiambia homa ni ugonjwa, ilipoona watu wameandikwa ni wa Homa Bay, ikawaweka wote kwa wagonjwa. Tulicheka yeye na mimi. Halafu nikatoka nje, nikakuta watu wawili wananisubiri, wote wanataka misumari ya jeneza.

Sasa, mimi nilikuwa na dada mmoja, tumbo moja. Aliolewa Kosele. Mume wake alikufa na ugonjwa ule ule usio na jina, akamwachia watoto na nyumba ya nyasi ambayo paa lake lilikuwa limeoza. Mvua ikinyesha, watoto walilala wamekaa, wamejifunika karatasi za nailoni. Na mimi, kaka yake, nilikuwa na mabati yamepangwa mpaka dari.

Unauliza kwa nini sikumpelekea. Nilimpelekea. Wazee wa boma waliyakataa lori likiwa langoni.

"Shemeji," mzee mmoja aliniambia, kwa heshima kabisa, "ukipanda juu ya nyumba hii, umepanda juu ya marehemu. Kaka hajengi kwenye ndoa ya dada yake. Na paa la mjane haliguswi kabla hajarithiwa."

Hiyo ndiyo desturi yetu, na mimi si mtu wa kuikanyaga. Kwetu mjane huitwa chi liel, mke wa kaburi. Anaingiziwa mwanamume, jater, wa kusimama mahali pa marehemu, na baada ya hapo ndipo nyumba inaweza kurekebishwa. Lakini ndugu za marehemu waliogopa. Walijua kaka yao amekufa na nini. Kila mmoja akajikumbusha safari ya mbali. Mwishoni wakatafuta mtu wa kukodisha, mchungaji wa ng'ombe kutoka Lambwe, mrefu, mkimya, mwenye kikohozi. Alikubali kwa chakula na mbuzi mmoja. Dada yangu naye akakubali, kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya ziwa.

Basi nikawa na amani. Jater ameingia, mradi uko kwangu, mabati ni yangu, karatasi ya dada imejazwa. Majina yaliposomwa, lake halikuwemo.

Nilimwendea Mwalimu bila kubisha mlango.

"Dada yangu ametolewa kwa nini?"

Akatafuta. "Mashine inasema si mjane. Ana mume."

"Nani ameandika ana mume?"

"Hakuna aliyeandika."

"Sasa?"

"Imejua yenyewe, bosi. Tuliiambia mume ni mwanamume mzima anayelala nyumba moja na mwanamke na si ndugu yake wa damu. Walipokwenda kuuliza nani analala humu, dada yako akamtaja mtu. Mashine ikaunganisha."

"Kwa hivyo mimi nikilala gesti, na mwenye gesti ni mama mjane, asubuhi nimeamka nimeoa?"

"Umeoa. Na mahari hujatoa."

Hakucheka, na mimi sikucheka. Nilikaa kwenye kiti chake cha wageni, nikamweleza kitanzi chenyewe kama kilivyokuwa. Bila jater, paa haliguswi. Akiwa na jater, mashine inasema ameolewa, na aliyeolewa hapewi mabati. Wajane wote wa desturi yetu walikuwa kwenye kitanzi hicho. Na mvua haikuwa inangoja.

"Niambie maana yenyewe," akasema Mwalimu. "Wewe ndiye unayeijua."

Hapo ndipo nilipoanza kufundisha. Nikaanza na ukweli ninaoujua, kwamba kwetu mume hamalizwi na kifo. Chi liel bado ni mke wa yule aliye kaburini, watoto atakaozaa ni wa marehemu, na yeye mwenyewe atazikwa kwenye boma la marehemu. Mwalimu akaiandikia mashine hivyo, ndoa haikatiki mume akifa. Akabonyeza. Tukasubiri, jenereta ikivuma nje. Orodha ya wajane ikatoka tupu.

"Hakuna mjane hata mmoja wilaya nzima," akasema. "Wote wana waume."

"Lakini wako makaburini."

"Hukuiambia mume aliye kaburini hana faida."

Nikamwambia hilo hata mtoto analijua. Akasema mtoto, ndiyo. Mashine haijawahi kunyeshewa.

Tukarudi nyuma. Ndoa akaiacha imalizwe na kifo, kwa kazi ya mabati tu. Jambo likabaki ni jater. Mwalimu aliuliza vizuri, nakiri hivyo, aliuliza kama mtu anayepima mbao kabla ya kukata. Ni mume? Si mume, hatoi mahari. Ni ndugu? Si ndugu, ametoka Lambwe. Ni mgeni? Mgeni halali chumba cha ndani. Ni mfanyakazi? Hapo nilifikiri kidogo.

"Kila kitu lazima kiwe chini ya kitu," akasema. "Kamba yake inamfunga kwa nani?"

Nikapata. Nilipata kwa sababu ya duka.

"Fundi hashikani na mwenye nyumba," nikamwambia. "Anashikana na nyumba. Huyu naye mfunge kwa nyumba. Mwanamke mwache peke yake. Yuko pale ili paa liguswe. Huyu ni mume wa paa."

Mwalimu akarudia maneno hayo polepole. Akampa jater mahali pake ndani ya mashine, mtu mzima, mwanamume, mwenye uhusiano na nyumba, asiye na uhusiano wowote na mwanamke. Akabonyeza. Jina la dada yangu likatokea kati ya wajane, na nyuma yake majina mengine mengi. Wanawake wa Rodi Kopany, wa Kosele, wa kando ya ziwa, wote waliezekewa nyumba kwa sababu ya maneno ya mtu wa darasa la tano. Hakuna anayeweza kuninyang'anya hilo.

Nilikwenda Kosele mwenyewe kumpa habari. Dada yangu alikuwa anachambua mahindi mlangoni. Jater alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, tunamsikia bila kumwona.

"Umeiambia hiyo mashine nini juu yangu?" akaniuliza.

"Nimeiambia huyu si mume wako."

"Hilo hata mbwa wa hapa wanalijua, owadwa." Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, ndugu yetu, hata tukiwa wawili tu. "Na umeiambia ni nani?"

"Ni wa nyumba. Hana uhusiano na wewe."

Akaendelea kuchambua. Nyuma ya nyumba mtu yule akakohoa, kikohozi cha chini, kama gunia linaburutwa.

"Nyumba haikohoi," akasema. "Mwambie huyo mama wa Mombasa aandike na hilo. Aandike kwamba anakohoa, na kwamba usiku anayelala kando ya kikohozi hicho ni mimi."

Nilimwambia mashine haina mahali pa kikohozi, mradi ni wa mabati. Akacheka kidogo. Alikuwa na cheko la kufunga mazungumzo, tangu utotoni.

"Basi haya," akasema. "Lete mabati. Watoto wamechoka kulala wamekaa."

Siku ya kuezeka nilisimama langoni, mahali pa kaka. Jater alipanda yeye wa kwanza, kama inavyotakiwa, akashika nyundo kama mtu aliyeshika nyoka. Msumari wa kwanza ukapinda. Wa pili ukaingia. Akakohoa akiwa juu ya mgongo wa paa, akishikilia boriti kwa mikono miwili, na watu wote tulitazama chini mpaka akamaliza. Mafundi wakapanda wakachukua kazi. Jioni mvua ilinyesha, ile kubwa ya kwanza, na dada yangu akatoka mlangoni kusikiliza mabati yake, watoto wamelala nyuma yake. Msumari uliopinda niliuokota, nikaunyoosha kwa vidole vyangu nikiwa njiani.

Jater alirudi kwao Lambwe, akafa kabla mahindi hayajakomaa. Dada yangu alianza kukonda mwaka uliofuata. Ugonjwa ule alikuwa ameachiwa na mumewe au aliletewa na yule, au yeye ndiye aliyempa yule, hilo hakuna ajuaye, na siku hizo hakuna aliyepima. Nilimpeleka Migori, nilimpeleka Homa Bay, nililipa. Mara moja, karibu na mwisho, aliniuliza kama mashine bado inasema hana mtu. Nikamwambia ndiyo. Akasema mashine ya watu ina bahati ya kutojua.

Alikufa chini ya paa lake, kavu.

Mradi ulikwisha, Mwalimu akarudi pwani na mashine yake. Kabla ya kuondoka alinishika mkono, akasema amefikiri sana, pengine tungemfunga yule mtu kwa kamba mbili, moja kwa nyumba na moja kwa mwanamke. Nikamwambia kwa kamba mbili dada yangu asingepata mabati. Akasema najua, bosi. Mpaka leo ninafanya hesabu hiyo na jibu langu ni lile lile. Jater si mume. Nilisema kweli, na mashine ilishika kweli niliyoipa.

Watoto niliwachukua mimi, ingawa wazee walinung'unika kwamba si wa ukoo wangu. Niliwasomesha. Mmoja ameajiriwa, anafanya kazi na hizo hizo kompyuta.

Nyumba hakuna aliyehamia, kwa sababu kwetu nyumba ya mwanamke aliyekufa huachwa ianguke yenyewe. Kuta za udongo zimeyeyuka kidogo kidogo kwa mvua za miaka yote hii, nguzo zimeliwa na mchwa, na paa limeteremka nazo, taratibu, bila kuvunjika, mpaka limekaa chini kwenye majani. Mbuzi hulala juu yake asubuhi wakiota jua. Nilipita mwezi jana, nikainama, nikalikagua kwa kidole. Halijashika kutu. Nilikuwa nauza mabati mazuri.