Msingi Uliofunikwa kwa Sababu ya Pombe

Magige, fundi wa zahanati ya kijiji cha ujamaa kule Bunda, alikwenda Musoma kumleta injinia akague msingi. Mtaro wa msingi alimwachia Silasi, rika lake, waliyetahiriwa naye siku moja.

"Usipange mawe wala kufunika kabla injinia hajauona."

"Nenda, ndugu yangu. Mimi si nipo?"

Sasa, pombe ya wajenzi ilikuwaga hainyweki mpaka msingi ufunikwe, na ile ilishaiva.

Waliporudi, mitungi mitupu, msingi umefunikwa. Injinia akafukua. Mawe yalikaa juu ya udongo mweusi, ule unaopasuaga nyumba masika.

"Hii ingeangukia wagonjwa! Nani kafunika?"

Magige akamtazama Silasi, akangoja.

Silasi akafuta povu mdomoni. "Fundi si huyo, mzee?"

"Basi atafutwe mwingine."

Magige akaokota mwiko wake, akaondoka.